Kabla ya Kuchangia Jeneza

(Hotuba ya Kamati ya Afya na Ustawi, iliyosomwa mbele ya wanajumuiya katika sherehe ya Uhuru, 9 Desemba)



Tumepewa dakika 20, na Katibu ametunong'oneza kwamba pilau imeshaiva, kwa hiyo tutajitahidi. Ndugu zetu wa Zanzibar wameshatukumbusha, kama kila mwaka, kwamba sherehe hii si yao. Tumewajibu kwamba pilau ni ya wote. Sisi tuliosimama mbele yenu tuko wanne: wauguzi wawili, mkalimani mmoja wa hospitalini, na mwenzetu mmoja aliyeishi katika nchi hii miaka kadhaa bila makaratasi kabla mambo yake hayajanyooka. Hotuba hii tumeiandika pamoja, ndiyo maana mtasikia "sisi" tu. Nani ni nani kati yetu, hilo hatutawaambia.

Sote tuliosoma nyumbani tuliimbishwa maadui watatu wa taifa: ujinga, umaskini na maradhi. Hata baada ya miaka zaidi ya 60 ya Uhuru hakuna asiyewajua. Huyu wa tatu amekuja nasi huku ughaibuni, naye hakuhitaji viza. Leo tunataka kusema habari za ndugu zetu ambao maradhi yanawakuta wamejificha.

Wengi wenu mnakumbuka msiba tulioupata majira ya baridi miaka michache iliyopita. Jina la marehemu hatulitaji, kwa sababu mama yake yu hai na video za sherehe hizi zinafika mpaka nyumbani. Alikuwa kijana wa watu, mcheshi, fundi wa kuchoma nyama. Mara mbili tatu katika ukumbi huuhuu yeye ndiye aliyesimamia jiko. Alikuja kusoma. Chuo alichosoma kikanyang'anywa leseni ya kupokea wanafunzi wa kigeni, ada yake ikapotelea hukohuko, akahangaika kutafuta chuo kingine, viza ikaisha kabla hajapata. Baada ya hapo akawa mbeba boksi kama wengine: mchana kuosha magari, usiku ghalani kwa jina la mtu mwingine.

Alikuwa na presha, na alijua anayo. Mmoja wetu alimpima sebuleni kwa mashine ya nyumbani, zikatoka namba zilizotufanya tutazamane. Tukamwambia aende kwa daktari. Akasema, "Nikienda wataniuliza pasipoti." Tukanyamaza. Hapo ndipo tunapojilaumu mpaka leo. Jibu hatukulijua, na hatukujisumbua kulitafuta, pamoja na kwamba wawili kati yetu mkate wetu unatoka hospitalini.

Alianguka asubuhi ya Jumapili akijiandaa kutoka. Kiharusi. Wenzake wa nyumbani walisita kupiga simu ya gari la wagonjwa wakiogopa kwamba polisi watakuja nalo. Walisita kwa muda gani hatujui. Wenyewe hawapendi kuulizwa. Alifariki siku ya tatu.

Kisha jumuiya ikaamka. Grupu la WhatsApp likawaka moto usiku kucha, orodha ya michango ikawa inarefuka, na kwa siku nne tulikuwa tumekusanya zaidi ya pauni 5,000 za kusafirisha mwili. Hatusemi vibaya, ilikuwa heshima kubwa, na mama yake alimzika mwanawe. Lakini tulipokwenda kufungasha vitu vyake tulikuta boksi la viatu chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya presha vyenye lebo za majina matatu tofauti, vya nguvu tofauti, na vingine vya sukari ambavyo yeye hakuvihitaji kabisa. Jina moja kati ya hayo matatu ni la mmoja wetu tuliosimama hapa. Alimpa kwa huruma. Na kliniki ya daktari wa mtaa, yule tunayemwita GP, iko njia ya pili kutoka nyumba aliyopanga. Tuliipita tukiwa tumebeba masanduku yake.

Basi tuseme jibu ambalo siku ile hatukuwa nalo. Tunayoyasema ni ya England tunakoishi. Wenye ndugu Scotland, Wales au Ireland ya Kaskazini waulizie hukohuko, maana taratibu zinatofautiana, na kwingine zina nafuu kuliko hapa.

Mtu yeyote anayeishi England anaweza kujiandikisha kwa GP na kutibiwa na GP bure. Yeyote, awe na viza, asiwe na viza, awe amejilipua na kukataliwa, awe hajawahi kuomba kitu. Miongozo ya NHS inasema wazi kwamba kukosa pasipoti au barua ya kuthibitisha anwani si sababu ya kumkataa mtu, na maswali ya viza si sharti la kuandikishwa. Asiye na makazi anaweza kuandikishwa kwa anwani ya kliniki yenyewe. Ni kweli wapo watu wa mapokezi wasioijua miongozo hiyo, nasi tumekutana nao. Mmoja alitutolea karatasi ya bango ukutani iliyosema "Leta kitambulisho" kana kwamba ni sheria ya Bunge. Siku hiyo tulirudi kesho yake na nakala ya mwongozo mkononi. Akaisoma, akaomba radhi, akamwandikisha mgonjwa wetu. Dakika 10.

Idara ya dharura nayo haitozi mtu kwa huduma anayopewa palepale. Kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, magonjwa ya zinaa, malaria: kupima na kutibu ni bure kwa kila mtu. Kwa upande wa UKIMWI imekuwa hivyo tangu Oktoba 2012, lakini bado tunakutana na watu wanaotumiwa dawa kutoka Dar es Salaam ndani ya mizigo ya wasafiri, wanaruka siku mzigo ukichelewa, kwa kuwa mtu fulani aliwaambia mwaka 2009 kwamba huku wanatoza. Uzazi wa mpango ni bure. Matibabu ya madhara ya mateso, ya ukeketaji, ya kipigo cha nyumbani na ya ubakaji ni bure kwa mtu anayeishi hapa. Anayetambuliwa rasmi kuwa huenda ni mhanga wa biashara ya binadamu hatozwi pia, na hili tunalisema tukiwafikiria mabinti wa kazi wanaoletwa na familia kutoka nyumbani au Ghuba, kisha pasi zao zikafungiwa kabatini.

Hospitali ni jambo jingine, na hatutaki kuwadanganya. Hospitalini wapo maofisa wanaokagua nani alipe, nao wanaweza kuwasiliana na Wizara ya Mambo ya Ndani. Asiye na haki ya ukaazi hutozwa mara moja na nusu ya gharama ya kawaida, na tangu Oktoba 2017 matibabu yasiyo ya haraka hudaiwa fedha kabla ya kutolewa. Deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi miwili bila kulipwa wala kupangiwa malipo, huripotiwa Wizarani, na linaweza kuharibu maombi ya viza ya baadaye. Hayo ndiyo ya kuogopa, na ni halali mtu ayaogope. Lakini sheria hiyohiyo inasema tiba ya lazima na ya haraka haicheleweshwi kwa sababu ya fedha. Bili hufuata baadaye. Anayeamua kama tiba ni ya haraka ni daktari, si mhasibu. Na bili ikija, mtu asiitupe kwenye droo. Aombe kulipa kidogo kidogo kulingana na uwezo wake, na deni linalolipwa kwa mpango halimo katika yale ya kuripotiwa.

Mama mjamzito tunamtaja peke yake. Huduma yote ya uzazi huhesabiwa kuwa ya lazima. Hakuna anayeruhusiwa kumwambia mjamzito alipe kwanza ndipo aonwe na mkunga. Mwaka juzi tulipata simu ya dada aliyefika mwezi wa nane bila kuonwa na mtu yeyote. Rafiki yake alikuwa amepewa bili ya maelfu baada ya kujifungua, naye akaapa atazaa nyumbani. Tulikwenda kumwona. Miguu ilikuwa imevimba, kichwa kinamuuma, macho yanaona vimulimuli. Wauguzi wetu hawakusubiri kikombe cha chai kilichokuwa kikichemka. Kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni. Alijifungua kwa upasuaji usiku uleule. Bili ilikuja, ndiyo, na anailipa pauni chache kila mwezi akisaidiwa na shirika la kutetea wajawazito. Mtoto wake ni mmoja kati ya wale wanaokimbia kule nyuma ya ukumbi, na hatuonyeshi ni yupi.

Hofu hii haikutoka hewani. NHS ilipoanza tarehe 5 Julai 1948 mgeni na mwenyeji walitibiwa bila kudaiwa. Kutoza wageni kulikuja mwaka 1982. Mwaka 2012 serikali ilitangaza wazi kwamba inataka kuyafanya maisha ya wasio na vibali yawe magumu, na ndivyo mwenye nyumba, benki na mwajiri walivyogeuzwa kuwa askari wa uhamiaji. Kuanzia Januari 2017 kulikuwa na makubaliano yaliyowezesha anwani za wagonjwa zilizoko NHS kupelekwa kwa watu wa uhamiaji. Madaktari na wabunge walipiga kelele, na mwaka 2018 serikali ikarudi nyuma. Mwaka huohuo ndipo nchi nzima ilipojua habari za wazee wa Karibiani waliokuja hapa kihalali wakiwa watoto, wakakosa karatasi za kuthibitisha. Mmoja wao aliambiwa alipe pauni 54,000 ndipo atibiwe saratani. Kwa hiyo mtu akituambia anaogopa, hatumcheki. Tunamwambia tu kwamba hofu ina mipaka yake, na dawati la GP liko nje ya mipaka hiyo.

Tunajua kuna wanaonung'unika hapa ndani. Wametuambia usoni, na tunawashukuru kwa kusema. Wanasema: "Mimi kila ninapoomba viza nadaiwa pauni 1,035 za afya kwa kila mwaka, na mke wangu vilevile. Kwa nini huyu asiyelipa chochote atibiwe?" Hoja ina uzito, na ada ile ni kubwa mno, wakati wowote jumuiya ikiandika barua ya kuilalamikia sisi tutatia saini wa kwanza. Ila ndugu yetu huyo hakukupangia ada hiyo, na akifa hutarudishiwa hata shilingi. Naye analipa. Kila anaponunua kandambili dukani analipa kodi. Ofisi unayoikuta inang'aa saa mbili asubuhi, yeye aliifagia saa kumi alfajiri. Na kama sababu hiyo haitoshi, tazameni tulivyobanana leo katika ukumbi huu, madirisha yamefungwa kwa baridi. Mwenye kifua kikuu asiyetibiwa akikohoa hapa, vijidudu havitaangalia nani ana pasipoti nyekundu, nani ya bluu na nani hana kabisa.

Wakati wa Korona nchi hii ililielewa jambo hilo. Februari 2021 serikali ilitangaza kwamba kila mtu atachanjwa bure bila kukaguliwa viza. Tulisimama foleni na watu ambao hatukuwahi kuwaona mchana kwa miaka 10.

Sasa turudi kwetu wenyewe, na hapa msitukasirikie. Sheria ya nchi hii hatuwezi kuibadilisha kwenye sherehe ya pilau. Midomo yetu tunaweza. Mtu akikosa makaratasi huku tunamfanya hadithi: "Yule si amejilipua, kajiandika Mrundi." Habari inapita saluni, inapita kanisani na msikitini, inarudi kwa mwenyewe ikiwa imevimba. Kuna anayempangisha mwenzake chumba kwa bei ya wizi kwa sababu anajua hawezi kwenda kulalamika. Kuna anayemtumikisha siku saba kwa ujira wa siku tatu, na akiumwa anamwambia, "Nenda hospitali uone kama hutapandishwa ndege." Mwenzetu aliyeishi bila makaratasi alipofika sehemu hii tulipokuwa tunaandika, aliweka kalamu chini. Alisema miaka yote ile hakuwahi kumwogopa Mzungu kama alivyomwogopa Mtanzania mwenzake aliyejua siri yake.

Tusijione watakatifu kwa kuwa tumetoka nchi ya wakarimu. Ni kweli Tanzania ilipokea Warundi waliokimbia mwaka 1972, wakalima Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao wakawa wamepewa uraia. Jambo kama hilo ni nadra duniani, na leo ni siku nzuri ya kujivunia. Lakini mwaka mmoja tu kabla ya hapo, mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Geita na Kigoma ikiwaondoa watu wasio na vibali, wakiwamo walioishi pale miongo na miongo, wenye wake na waume Watanzania. Nasi tumewahi kukaa upande ule mwingine wa dawati.

Watoto, neno lenu ni fupi. Wengi wenu mnakwenda na mama kwa daktari kumsemea. Mna moyo mzuri, na Kiingereza chenu kinatushinda. Lakini kuna mambo ya mama ambayo mama hatayasema mbele yako, na daktari hatayajua. Mkalimani wetu hapa aliwahi kumkuta mtoto wa miaka 11 akimweleza daktari kwamba mama "anaumwa tumbo", kumbe mama alikuwa akitokwa na damu kwa miezi mitatu na aliona haya kulitaja jambo hilo kwa mwanawe wa kiume. Mkalimani wa Kiswahili hutolewa bila malipo, hata kwa simu. Kazi yako wewe ni kusema sentensi moja tu pale mapokezi: "Mama yangu anaomba mkalimani wa Kiswahili." Kisha ukae nje usome kitabu chako. Na ukisikia nyumbani kwamba mjomba fulani hana makaratasi, hiyo si habari ya kupeleka shuleni wala kwenye simu.

Mwenyekiti, tuna ombi moja, nalo limo katika ajenda ya mchana. Jumuiya ina mfuko wa msiba. Kila familia inachangia, na hakuna anayegombana nao. Tunaomba sehemu ndogo ya mfuko huo iruhusiwe kutumika mtu akiwa bado yuko hai: nauli ya basi ya kumsindikiza kwa daktari, bei ya dawa kwa yule ambaye fomu yake ya HC1 ya kuomba msamaha wa malipo haijajibiwa, simu kwa mwanasheria kabla hajakubali bili asiyoielewa. Kusindikiza kwenyewe hakuna gharama, sisi wanne tutazunguka kwa zamu, na wanajumuiya watano wengine wameshajitolea. Mashirika ya wenyeji yanayofanya kazi hii yapo. Doctors of the World wamewahi kuendesha kliniki na simu ya ushauri, na wamewafunza watu wa mapokezi katika kliniki nyingi za GP wasiulize maswali ya viza. Tumezungumza nao. Hawajui Kiswahili, sisi tunakijua.

Wazee wawili wametuambia kwamba kugusa fedha za msiba ni kujitakia mikosi. Tumewasikia kwa heshima. Tulitamani wangekuwa nasi siku tuliyofungua lile boksi la viatu.

Kura itapigwa baada ya chakula. Sisi tutakuwa kwenye meza ile ya mlangoni, karibu na birika la chai. Tuna fomu za kujiandikisha kwa GP, tuna nakala za mwongozo za kukaa mfukoni, na tuna mashine ya kupimia presha, hivyo hata mwenye pasipoti nyekundu aje apime, maana sambusa za leo tumeziona. Hatuandiki jina la mtu, na hakuna picha itakayopigwa pale mezani. Mpiga picha tumeshamwambia. Ukija kuuliza kwa niaba ya "rafiki yangu mmoja", tutakujibu kwa niaba ya rafiki yako huyo, na hatutauliza ni nani.

Mwenyekiti, kipaza sauti hiki hapa.